Stuli ya mninga kwa kupapasa: shajara ya karakana, Mwanza 2025

Tarehe 9 Februari 2025. Hali ilivyo

Shajara hii ni ya yeyote mwenye randa nyumbani na macho yanayopungua. Mimi si fundi wa kulipwa. Nimestaafu kazi ya karani wa hesabu, na useremala ni wa Jumapili na wa jioni. Karakana ni banda la bati uani kwangu Bwiru, limebanwa katikati ya mawe mawili makubwa, mlango unatazama ziwa upande wa magharibi. Huo mlango utatajwa tena, umenisumbua sana.

Nina glakoma, ile ambayo mitaani tunaiita presha ya macho. Maji ya ndani ya jicho hayatoki inavyotakiwa, presha inapanda, na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa kidogo kidogo. Haiumi. Mara nyingi inaanza kula pembeni, katikati panabaki pazima kwa miaka, ndiyo maana mtu anasoma gazeti vizuri huku bega linagonga fremu ya mlango. Kilichopotea hakirudi. Matone ya kila usiku kazi yake ni kuchelewesha kupotea kwa kilichobaki, basi. Ndugu zangu wa tumbo moja nimewasukuma wote wakapimwe, kwa sababu ugonjwa huu unatembea kwenye ukoo.

Na jingine kwa mafundi: vumbi likikuwasha macho, usikimbilie matone ya duka la dawa bila kupimwa. Yapo yenye steroidi, na steroidi ikitumika kwa muda inaweza yenyewe kupandisha presha ya jicho. Daktari aliniuliza hilo kabla hata ya kuniuliza umri.

Ninachotaka kutengeneza ni stuli ya sentimita 45 kwenda juu, miguu minne, viungo vyote vya tundu na ulimi (ncha iliyochongwa ya kipande kimoja inaingia kwenye tundu la kingine), bila msumari. Nimechagua stuli kwa kuwa vipande vyake vinajirudia, na kitu kinachojirudia kinaweza kupimwa mara moja tu. Ya kwanza itakuwa ya paini, ya kuharibia. Ya pili ya mninga. Bajeti shilingi 300,000 pamoja na marekebisho ya karakana.

Tarehe 23 Februari. Mwanga

Wazo la kila mtu, pamoja na langu, lilikuwa kuongeza taa. Nilinunua taa ya LED ya nje, ile ya kufunga getini, kwa 28,000, nikaitundika juu ya meza. Ikawa balaa. Rula ya chuma iling'aa kama kioo, alama za milimita zikapotea kabisa ndani ya mng'ao. Jicho lenye glakoma linapoteza uwezo wa kutenganisha rangi zinazokaribiana, na mwanga mkali wa kutoka juu unafuta hata vivuli vilivyokuwa vinasaidia. Sasa taa hiyo iko getini, inakofaa.

Kilichofanya kazi ni taa ndogo ya mezani yenye shingo ya kukunja, 22,000, nimeifunga usawa wa meza, pembeni. Mwanga ukilala juu ya mbao, mkwaruzo wa kisu unatupa kivuli na kuonekana mweusi. Alama ya penseli haina kina, kwa hiyo hata mwanga wa pembeni hauisaidii.

Kioo cha kukuzia nacho nilijaribu, 35,000, chenye stendi. Kwa mtu ambaye katikati ya jicho ndiko kumeharibika huenda kinamfaa. Mimi uwanda wangu wa kuona umeshakuwa mwembamba, na kioo kikikuza kipande unachokiangalia, kinakuonyesha sehemu ndogo zaidi ya ile ndogo uliyo nayo. Niliona nusu ya ncha ya patasi kwa ukubwa wa ajabu, nisijue mkono wangu mwingine uko wapi. Mdogo wangu anakitumia kutunga uzi kwenye sindano.

Mlango: kuanzia saa tisa alasiri jua linapiga majini na kurudi moja kwa moja ndani ya banda. Nimetundika turubai kuukuu la kufunikia mahindi. Na nikitoka uani kwenye jua siingii kushika kifaa papo hapo. Nakaa kwenye kiti cha mlangoni, nafumba macho mpaka giza la ndani lizoeleke. Macho yangu yanachukua muda mrefu kuhama kutoka mwangani kwenda kivulini, na nusu ya majeraha ya vidole vyangu mwaka jana yalitokea katika muda huo.

Tarehe 16 Machi. Meza nyeusi, meza nyeupe

Rangi ya ubao wa shule. Hiyo ndiyo habari ya mwezi huu. Ni nyeusi na haing'ai. Nimepaka nusu ya meza, nusu nyingine nikapaka rangi nyeupe ya ukutani isiyong'aa. Makopo madogo mawili, 16,000. Paini inawekwa upande mweusi, mninga upande mweupe, na ghafla ukingo wa mbao unajulikana uko wapi. Hakuna kitu nilichonunua mwaka huu kilichonilipa haraka hivyo.

Patasi zangu zina mipini ya aina moja, na nilikuwa nazitambua kwa kuangalia upana wa ncha. Sasa kila mpini una pete za mpira zilizokatwa kwenye tyubu ya baiskeli: pete moja robo inchi, mbili nusu inchi, tatu robo tatu. Ncha zote zinaingia kwenye mfereji wa mbao nyuma ya meza, makali hayaonekani wala hayaguswi. Mkono ukienda kutafuta unakutana na mpini tu.

Mkono wa jiriwa, kile kibanio cha mezani, uliochomoza usawa wa paja nimeukata, na kilichobaki nimekivisha mpira. Vitu vya usawa huo ndivyo vinavyoniumiza, kwa sababu sivioni mpaka nigeuze kichwa chote.

Sheria ya kurudisha vifaa imekuwa ngumu kuliko kazi yenyewe. Mpwa wangu anakuja kusaidia wikiendi.

"Mama mkubwa, randa nimeiweka hapo hapo tu."

"Hapo hapo tu ndiyo wapi, baba?"

Kimya. Ilikuwa sakafuni. Tumekubaliana: kifaa kikitoka mkononi kinarudi tunduni, au kinabaki mkononi. Hakuna "naweka mara moja".

Tarehe 6 Aprili. Vipande vya vipimo

Nimeacha kusoma tepu. Kila urefu unaohitajika kwenye stuli unakuwa kipande cha mbao chenye urefu huo, kimechongwa mikato kwenye ubavu ili kidole kikitambue: mkato mmoja upana wa mguu, miwili urefu wa ulimi, na kuendelea. Mpwa alisoma tepu kwa ajili ya vipande vya mwanzo, nikavikata, tukavihakiki pamoja. Baada ya hapo namba hazisomwi tena. Kipande kinawekwa kati ya kizuizi cha kuegemezea mbao na msumeno, unakata.

Mbao za paini: mbili kwa mbili na moja kwa nane, jumla 31,000. Muuzaji alisema zimetoka Buhindi, upande wa Sengerema. Zilikuwa na unyevu bado, nimezisimamisha ndani zikauke.

Tarehe 27 Aprili. Vipande vimevimba

Mvua za masika zimeharibu nusu ya kazi ya juu. Kipande changu cha milimita 100 kilikuwa kimeongezeka karibu milimita moja, vingine havikubadilika hata chembe. Nilidhani mpwa alisoma vibaya, nikamlaumu bure.

Sababu ni mwelekeo wa nyuzi. Mbao inavimba na kusinyaa kwa upana, lakini kwa urefu, yaani kufuata nyuzi, inabadilika kidogo sana kiasi cha kutohesabika kwenye kazi kama hii. Vipande vilivyobadilika vilikatwa kutoka kwenye upana wa ubao kwa sababu ndiyo mabaki yaliyokuwepo. Nimevitupa vyote na kukata upya, kila kipimo kikifuata nyuzi, kwa mabaki ya mninga badala ya paini. Mninga ni mbao inayosifika kwa kutulia. Tangu hapo mvua imenyesha na vipande viko vile vile.

Ukinakili kitu kimoja tu kwenye shajara hii, nakili hiki. Mtu anayeona ataikamata hitilafu ya milimita moja kwa jicho kabla ya kukata. Sisi tunaikuta kwenye gundi.

Tarehe 18 Mei. Rodi ya nyuzi

Vipande vinatosha kwa vipimo visivyobadilika. Kwa vile vya kubuni papo hapo nilihitaji kipimo kinachohesabika kwa vidole. Mafundi wasioona wa nchi nyingine wana rula ya namna hiyo: rodi yenye nyuzi za kuzungushia nati kama za bolti, kila hatua unaisikia. Ya kununua sikuipata hapa, lakini kanuni yake ni rahisi. Bolti ya M6 ya kawaida, yaani ya unene wa milimita sita, ina hatua ya milimita moja kamili kwa kila uzi. Ukizungusha nati mzunguko mmoja, imesogea milimita moja. Nati ina pande sita, kwa hiyo kila upande ni sehemu ya sita ya milimita, na hiyo inatosha na kubaki kwa useremala wa aina yoyote.

Nilitengeneza kijimfereji cha mninga, rodi ikalazwa ndani, upande mmoja kuna kizuizi, nati inatembea. Upande mmoja wa nati nimeuchapa tupa ili kidole kijue mzunguko umeanzia wapi. Kwa urefu mkubwa unaanza na kipande cha milimita 50 au 100, kisha unaongeza mizunguko.

Duka la vifaa vya ujenzi liliniuzia rodi "ya milimita sita". Nikachora ulimi wa milimita 10 kwa mizunguko kumi, nikaukata, haukuwa milimita 10. Mpwa akapima: 12.7. Nikabadilisha nati, jibu lile lile. Tulipolaza rodi kwenye rula na kuhesabu nyuzi, zilikuwa ishirini kwa kila inchi. Ilikuwa rodi ya robo inchi.

Nilitaka kuirudisha, halafu nikaikumbuka hesabu. Mizunguko kumi ni nusu inchi kamili. Mitano ni robo. Kumi na tano ni robo tatu. Patasi zangu zote ni za inchi! Tundu linachimbwa kwa upana wa patasi, kwa hiyo ulimi nao unatakiwa uwe wa inchi. Rodi iliyokosewa ndiyo inayofanya kazi ya viungo mpaka leo, na M6 halisi niliyoipata duka jingine inashika vipimo vya sentimita. Rodi mbili na nati zake, 8,000. Mfereji wa ile ya inchi una pete ya mpira zisije zikachanganywa.

Kabla hujaondoka dukani na rodi yako, zungusha nati mara kumi mbele ya rula.

Tarehe 15 Juni. Msumeno

Mstari wa kukatia nachora kwa kisu, halafu narudia mpaka ukucha unaingia ndani yake. Ncha ya geji ya kawaida (kifaa cha kukwaruzia mstari sambamba na ukingo), ile ya msumari, inafuata nyuzi za paini na kutoka nje ya njia. Nimeubadilisha msumari kwa kipande cha wembe wa msumeno wa chuma kilichonolewa, sasa unakata badala ya kukwaruza.

Ila kuona mstari na kuushika msumeno wima ni mambo mawili. Hapa nimetumia sumaku. Fundi redio mmoja wa mjini aliniuzia sumaku mbili za spika zilizokufa, 5,000. Nimezizamisha kwenye kipande cha mninga chenye uso uliorandwa sawasawa na kukiangalia kwa guniya, kipimo cha pembe mraba. Kipande kinabanwa kwa klampu kando ya mstari, bapa la msumeno linanasa kwenye sumaku na kuteleza juu yake likiwa wima.

Jaribio la kwanza halikuteleza. Sumaku za spika zina nguvu, msumeno uling'ang'ania nikawa nauvuta kama ng'ombe asiyetaka kuingia josho. Meno nayo, kwa vile yamepindishwa nje kidogo, yakaanza kuula uso wa mninga. Dawa ya yote mawili ni plastiki iliyokatwa kwenye dumu la mafuta ya kula, imebandikwa juu ya uso. Inapunguza mvuto na inaliwa yenyewe. Ikichakaa nabandika nyingine.

Tarehe 20 Julai. Stuli ya paini imesimama, inacheza

Matundu yalikwenda vizuri. Kipande cha mbao kinabanwa ubavuni ili mgongo wa patasi uegemee hapo, na pete ya mpira kwenye ncha inasema kina kimefika. Sikio nalo linasaidia: patasi ikigonga mabaki yaliyolegea sauti inakuwa butu. Kila kiungo kina mikato yake, mguu wa mikato miwili unaoana na ulimi wa mikato miwili, hakuna kubahatisha wakati wa gundi. Gundi 9,000.

Baada ya gundi kukauka stuli ilicheza. Mguu upi? Niliiweka kwenye vigae vya sebuleni, nikapitisha karatasi chini ya kila mguu. Karatasi iliyopita bila kukwama ikanionyesha mguu mfupi. Nikautegea kabari mpaka stuli ikatulia, nikazungusha kisu juu ya kibao kimoja chembamba kuizunguka miguu yote minne, nikakata hapo. Imetulia.

Chanzo nilikitafuta siku nzima. Mabega ya ndimi mbili yalikuwa yamekatwa mshazari kidogo, wakati kizuizi ni kilekile. Ni vumbi. Unga wa msumeno ulikuwa unajikusanya kwenye kona ya kizuizi, mbao ikawa inaegemea vumbi badala ya kizuizi. Mwenye macho analiona na kulipuliza bila hata kujua amefanya hivyo. Sasa ukingo wa chini wa kila kizuizi nimeukata mshazari vumbi lipate pa kwenda, na brashi imefungwa kwa kamba hapo hapo. Kabla ya kila mkato, brashi, halafu kidole.

Wiki hii pia nilishuka mwaloni, ufukweni mitumbwi inakofika, kumtazama mzee anayeunda mitumbwi. Nilimkuta anajiandaa kukalafati, yaani kuziba mianya ya mbao, dole gumba linatembea kwenye maungio ya mbao huku anaongea na watu wengine kabisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona unainama hivyo? Unatafuta nini?"

Nikamwambia naangalia mwanya.

"Mwanya hauangaliwi, mama. Weka ukucha, uburute." Akanishika mkono, akanionyesha: kwa nyama ya kidole mbao mbili zilikuwa sawa, kwa ukucha kulikuwa na ngazi. Macho yake ni mazima, ana haraka tu. Sasa naangalia viungo kwa ukucha, na nyama ya kidole naiachia msasa.

Tarehe 7 Septemba. Mashine imeondoka

Nimeuza msumeno wangu wa umeme wa mviringo kwa 150,000. Nilikuwa naukwepa kwa miezi. Uwanda wangu umebaki wa mbele tu, na mkono wa kushoto unaingia kwenye njia ya diski kutoka mahali nisipopaona. Hakuna pete ya mpira wala sumaku inayotibu hilo. Watu wasioona kabisa wanaotumia mashine wapo, lakini wamefundishwa, na mashine zao zina vizuizi vya maana. Wangu ulikuwa wa kushika mkononi.

Mbao sasa zinachanwa na kurandwa kwa mashine huko huko zinakouzwa. Mninga, 68,000, kuranda 6,000. Nikaunusa kabla ya kulipa. Mninga una harufu yake nzuri ukikatwa, na ubao mmoja waliotaka kuniwekea haukuwa nayo. Vumbi lake linakera pua na kifua, barakoa haivuliwi.

Tarehe 5 Oktoba. Ya mninga

Imekamilika. Viungo havikuniletea habari yoyote, na ndivyo nilivyotaka. Habari iko kwenye umaliziaji.

Vanishi imenishinda. Kopo la 14,000, brashi nzuri, na matokeo yakawa michirizi upande mmoja na sehemu kavu upande mwingine. Mbichi haigusiki, kwa hiyo mkono hauna cha kukuambia mpaka kesho yake, ikiwa imeshakuwa mbaya. Nilikwangua yote kwa msasa namba 120, kisha 220 (msasa wote 9,000), nikahamia mafuta ya linsidi, 18,000. Yanapakwa kwa kitambaa, yanasuguliwa, ziada inafutwa, na unaruhusiwa kugusa muda wote. Palipokosa panahisiwa pakavu na pagumu kidogo. Nilipaka jioni, nikaacha, nikarudia siku zilizofuata mpaka mbao ikaacha kunywa.

Vitambaa vyenye mafuta haya visikunjwe na kutupwa kwenye kona ya banda. Yakikauka yanatoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kuwaka chenyewe. Vyangu natandaza kimoja kimoja juu ya jiwe la uani mpaka vikauke kabisa.

Gharama yote imefika 269,000. Humo 77,000 ni taa ya getini, kioo na vanishi, ambavyo huhitaji kununua kama umesoma mpaka hapa.

Kliniki wiki iliyopita: presha imeshuka, uwanda haujapungua tangu Machi. Matone yanaendelea.

Kinachofuata ni sanduku la nguo lenye droo mbili, na droo sijui bado nitazipimaje zisikwame masika yakirudi. Mpwa ameomba vipimo kamili vya kipande cha sumaku ili atengeneze chake shuleni. Nitaviandika ingizo lijalo, akishanirudishia klampu mbili alizoazima.